Diski kuitwa kwa zamu ya kufika: Linux na saraka ya /dev

Kwa Wasukuma na Wanyamwezi, pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Kulwa, anayefuata Doto. Jina linatokana na zamu ya kufika, lakini likishatolewa limetolewa. Hakuna asubuhi ambayo Doto ataamka akiitwa Kulwa. Katika Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, asubuhi hiyo ipo. Kila kifaa kina jina ndani ya saraka (folda) ya /dev: diski inayotambuliwa kwanza ndiyo /dev/sda, ya pili /dev/sdb, na seva ikizimwa na kuwashwa tena zinaweza kubadilishana majina bila mtu kugusa waya. Aliyezoea kuandika /dev/sdb1 (sehemu ya kwanza ya diski sdb) katika /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kufunguliwa mashine inapowaka, ataona data si ile, au seva imekwama kabla haijamaliza kuwaka.

Wapo wanaosema haya ni matokeo ya kuharibu mfumo wa zamani uliokuwa mzima. Hoja yao inastahili kusikilizwa, kwa sababu mfumo ule ulikuwa na uzuri wake. Kila jina ndani ya /dev ni nodi ya kifaa, yaani faili lisilo na data ndani. Limebeba namba mbili tu. Namba ya kwanza inaelekeza kwenye kiendeshi (programu inayokiendesha kifaa), ya pili kwenye kifaa chenyewe: /dev/sda ni 8 na 0, /dev/sda1 ni 8 na 1, /dev/sdb ni 8 na 16. Skripti iitwayo MAKEDEV iliziunda nodi hizi mapema, zikakaa kwenye diski kama faili jingine lolote. Ukibadilisha ruhusa za nodi leo, kesho utazikuta vilevile. OpenBSD, mfumo endeshi mwingine, inakwenda hivi hadi sasa, na watu wake hawalalamiki.

Lakini saraka ilijaa nodi za vifaa ambavyo mashine haikuwa navyo na isingekuja kuwa navyo. Kuiona /dev/sdc hakukukuambia kama diski ya tatu ipo. Namba nazo zilibana: kila moja ilikuwa na biti 8, yaani nafasi 256, mpaka toleo la 2.6 la Linux lilipozipanua kuwa biti 12 na 20. Zaidi ya yote, flashi zilipokuja, za kuchomeka na kuchomoa mashine ikiwa inafanya kazi, orodha iliyoandikwa mapema ikawa haisemi kweli.

Jibu la kwanza lilikuwa devfs ya Richard Gooch, iliyoingia rasmi katika Linux 2.4 mwaka 2001. Kiini chenyewe cha mfumo (kernel) kiliunda nodi pale kifaa kilipoonekana. Wazo zuri, ila kiini kilijitwika pia kazi ya kuchagua majina, na majina yenyewe yalikuwa ya aina ya /dev/ide/host0/bus0/target0/lun0/disc. Ukitaka jina jingine, ugomvi wako ni na kiini. Kulikuwa pia na hitilafu za kugongana kwa shughuli ndani ya msimbo, ambazo hazikupatiwa ufumbuzi. Mwaka 2003 Greg Kroah-Hartman alikuja na udev: kiini kitangaze tu kwamba kifaa kimefika, kisha programu iliyo nje ya kiini isome kanuni alizoandika msimamizi, iunde nodi na kuipa jina. Devfs iliondolewa kabisa katika toleo la 2.6.18, mwaka 2006.

Hapa ndipo watetezi wa devfs wanapokuwa na hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Mfumo endeshi wa FreeBSD, toleo la 5.0 la mwaka 2003, ilikuja na devfs yake ndani ya kiini, na inafanya kazi mpaka leo. Kwa hiyo kuunda nodi ndani ya kiini hakukuwa kosa. Linux yenyewe ilikiri hilo kwa vitendo: mwishoni mwa mwaka 2009, toleo la 2.6.32 lilileta devtmpfs, ambamo kiini kinaunda nodi tena. Kutegemea programu ya nje kwa kila nodi kulichelewesha kuwaka kwa mashine, na programu hiyo ikishindwa kuanza, hata nodi za msingi hazipo. Walioipinga devtmpfs walisema ni devfs iliyorudi kwa mlango wa nyuma. Kwa nusu walisema kweli.

Tofauti ni nusu ya pili, na kwangu ndiyo yenye uzito. Kiini sasa kinasema kifaa kipo, udev inaongeza ruhusa na majina ya ziada. Diski moja inapatikana kwa lebo, kwa UUID (kitambulisho cha pekee) ya mfumo wa faili uliomo, kwa modeli na namba yake ya utambulisho ya kiwandani, hata kwa tundu ilikochomekwa, yote chini ya /dev/disk. Hayo ndiyo majina ya kweli, kwa maana yanafuata kitu chenyewe badala ya zamu yake. Watumiaji wa Fedora 7 walipoona diski zao za IDE (aina ya zamani ya kiunganishi) zikigeuka kutoka hda kuwa sda mwaka 2007, waliokuwa wametumia lebo hawakupata taabu.

UUID nayo si kinga ya kila baya. Ina herufi 36, na hakuna fundi atakayemsomea mwenzake kwa simu usiku wa manane bila kukosea. Ukinakili diski nzima kwa dd, amri ya kunakili data kama ilivyo, nakala inabeba UUID ileile: mfumo wa faili wa XFS utakataa kuzipandisha (kuzifungua zitumike) zote mbili pamoja kwa utaratibu wa kawaida, na katika Btrfs, mfumo mwingine wa faili, mchanganyiko huo unaweza kuharibu data. Kwa mashine yenye diski moja isiyobadilika, mfumo wa zamani ungetosha kabisa.

Pamoja na hayo, mabadiliko yalikuwa sahihi, na lawama yangu naielekeza kwenye kilichoachwa nyuma. Jina /dev/sda limebaki palepale, fupi, likionekana la kudumu na wala si la kudumu. Anayeanza anafundishwa kuandika Ubuntu kwenye flashi kwa dd na /dev/sdb, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa kwenye kompyuta ya mwalimu wake. Kwake /dev/sdb ni diski yenye picha za familia, na dd haiulizi mara mbili. Mwongozo ungeweza kumwambia atazame kwanza /dev/disk/by-id, ambako jina la kampuni ya flashi na namba yake vimeandikwa wazi, kisha anakili jina hilo refu kama lilivyo. Ni sekunde 10 za kazi. Udev inayaandaa majina hayo tangu enzi za 2.6, na miongozo mingi bado inaandika sdb.