Majani Yapo, Ng'ombe Anakonda

Jumamosi iliyopita mnadani, huku kwetu Shinyanga, nilimwona mzee mmoja akiuza maksai wake wawili. Mbavu zinahesabika, nyonga zimechomoza. Bei aliyopewa naona uchungu kuiandika. Aliyewanunua ni mnenepeshaji: atawafungia miezi mitatu, awalishe makapi na mashudu ya pamba, yale mabaki ya mbegu zikishakamuliwa mafuta, kisha awapandishe lori kwenda mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Mashudu yenyewe atayachukua kiwanda kilekile ambacho mzee hukipita kila siku akienda kisimani.

Nikamuuliza, "Baba, kwa nini usingewalisha kwanza?"

"Mwanangu, majani si yapo? Ngitili yangu hata nusu haijaliwa."

Na kweli yapo. Ngitili ni malisho tunayoyafunga wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi. Tangu mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, uanze mwaka 1986 watu wa huku wamezirudisha ngitili kwa jasho lao. Lakini ngitili inatunza wingi wa majani. Utamu wake unaondoka na mvua. Nyasi za Septemba zinaweza kubaki na protini asilimia 3 au 4 tu. Ikishuka chini ya 7 hivi, bakteria wa tumbo la kwanza, wale wanaolainisha nyasi ngumu, nao wanashinda njaa. Majani yanalala tumboni siku nyingi, na ng'ombe anaacha kula kwa sababu hana pa kuyaweka mengine. Sisi tunaliona tumbo limetuna, tunasema huyu ameshiba. Kumbe anakufa njaa mbele ya macho yetu!

Protini hiyo imo kwenye mashudu. Mpe kilo moja kwa siku uone. Atakula mabua yaleyale mengi kuliko jana, maana wale bakteria wamepata cha kufanyia kazi. Hili ndilo ninalotamani kila mfugaji alishike: mashudu hayachukui nafasi ya majani, yanayafanya majani yalike.

Pumba za mahindi peke yake hazitoshi. Jiwe la chumvi ni jema, ila halina protini hata chembe. Na tafadhali, mtu asimwage urea, ile mbolea, horini kwa kukadiria akidhani ataziba pengo la protini. Ikizidi inaua ng'ombe ndani ya saa chache.

Mashudu ni ghali, sibishi, na kiangazi kikikaza bei inapaa. Basi tununue msimu wa pamba, viwanda vinapokamua, tuyaweke juu ya chaga yasipate ukungu. Kama fedha ni ya magunia mawili tu, wapewe wenye mimba na wanaonyonyesha. Wenzetu wa Singida wana mashudu ya alizeti, na mwenye shamba apande lusina, mti wa malisho wenye majani ya protini.

Marehemu baba alikuwa akitutuma na gunia kuokota maganda ya migunga chini ya miti. Tulinung'unika sana, jua kali, miiba miguuni. Jioni aliwapa majike wenye ndama, kila mmoja kwa mkono wake. Neno protini hakuwahi kulisikia.

Wataalamu wakija wanatuambia tupunguze mifugo. Sawa, tupunguze. Hata wakibaki watano, bua la Septemba ni lilelile.

Mzee amebakiwa na majike wanne, mmoja ana mimba kubwa. Tumekubaliana Jumatatu asubuhi tuongozane hadi kiwandani kuulizia bei ya gunia.