Mgonjwa ni mjomba, choo ni chetu sote

Basi bana, ukoo ulipokaa kikao kuamua nani ampeleke mjomba India akabadilishwe goti, jina langu lilipita bila kupingwa. Mimi ndo yule mtu wa kunawa. Harusini nikipewa sahani naigeuza kwanza nikague mgongo. Wakasema huyu akiongozana na mzee hakuna wa kuharisha.

Nikajipanga. Begi langu ukilifungua ni famasi, sanitaiza, paketi za ORS za kurudisha maji mwilini ukiharisha, vidonge vya kutibu maji, dawa ya kufunga tumbo, na tulipofika gesti pale Chennai nikabandika masharti ukutani: maji ya chupa tu tena iliyofungwa, barafu hapana, saladi hapana, tunda ambalo hujalimenya mwenyewe hapana. Mjomba akasoma yote, akavua miwani, akaniuliza, "Na kupumua tumeruhusiwa?"

Mzee wa Tanga huyo, kakulia maji ya kisima. Kabla ya operesheni tukaenda ufukwe wa Marina kupunga upepo, mchanga mrefu huo hauishi, vibanda kibao, nageuka hivi namkuta kasimama kwenye toroli la panipuri. Kama hujawahi kuiona, ni kijipuri kikavu kimeumuka, muuzaji anakitoboa kwa dole gumba, anatia viazi, halafu anakizamisha kwenye chungu cha maji ya kijani ya mnanaa na ukwaju, anazamisha na mkono wake mwenyewe mpaka kwenye kifundo, anakupa kinachuruzika unabugia kizimakizima. Mjomba anabugia kafumba macho. Nikamwambia mjomba, huo mkono umeuona lakini?

"Nimeuona. Una chumvi nzuri."

Usiku ule sikulala, nalisikilizia tumbo la mtu. Kimya. Kesho yake kimya. Akafanyiwa operesheni yake salama, akaruhusiwa kurudi gesti na goti jipya na woka ya kutembelea, anadai chai.

Sasa mimi. Cha barabarani sijagusa hata karanga. Nilikuwa nakula idli, zile za mchele zinazoivishwa kwa mvuke, nikijua mvuke hauna masihara. Ila idli hailiwi kavu, kijana wa mgahawani anapita na vindoo vya stili, kimoja mchuzi wa sambari unafuka moshi, kingine chatne ya nazi, na ile chatne ilikuwa ya baridi, nazi mbichi imesagwa na maji yanayojulikana na wao wenyewe, ikakaa kwenye joto la Chennai mwezi wa tano. Ni hiyo. Mjomba mpaka leo anasema ni uoga wangu ndo uliniharisha.

Ilianza alfajiri. Tumbo likaguna, likatulia, nikasema limepita, kumbe lilikuwa linarudi nyuma kuchukua mbio. Nikaruka kitandani mpaka mlango wa choo, nasukuma, umefungwa. Mjomba yumo.

Na mtu aliyebadilishwa goti hakai chooni kama mimi na wewe. Anarudi kinyumenyume mpaka aguse kile kiti cha kunyanyulia, anatanguliza mguu mbele, anashika vyuma, anashuka taratibu, na kunyanyuka ni vivyo hivyo. Pale ukutani nilimwongezea mwenyewe kwa herufi kubwa, USIHARAKISHE.

"Mjomba!"

"Naam."

"Unamaliza?"

"Ndo kwanza nakaa."

"Mjomba nakufa huku."

"Karatasi inasema nisiharakishe."

Nikabana miguu nikaegemea ukuta jasho linanitiririka mpaka mgongoni, nasikia maji yanafunguliwa, yanafungwa, halafu woka kwenye marumaru, ko. Kimya. Ko. Kimya. Mlango ukafunguka, ikatoka woka, ukatoka mguu mmoja, halafu mzee akasimama pale pale kizingitini akaniangalia.

"Hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo mjomba!"

"Marahaba. Umelalaje?"

Alivyofika kwenye umelalaje, choo nilikuwa sikihitaji tena. Nilikuwa nahitaji ndoo na sabuni.

Daktari aliyenipokea ni mama mmoja mpole sana. Homa? Hakuna. Damu kwenye choo? Hakuna. Akasema vizuri, ingekuwepo hata kimoja ile dawa ya kufunga nisingetakiwa kuigusa. Mara nyingi wanaotusumbua wasafiri ni bakteria, hasa E. koli, na vinaweza kuchukua siku moja mpaka tatu ndo tumbo lifunguke, kwa hiyo nisikimbilie kulaumu nilichokula mwisho. Muuza ndizi wa pale nje nilishamlaani muda tu. Halafu akanihadithia habari za ORS, kwamba mwaka 1971 kwenye kambi za wakimbizi wa Bangladesh pale Bongaon kipindupindu kilikuwa kinamaliza watu, dripu zikaisha, daktari Dilip Mahalanabis akawanywesha watu mchanganyiko wa chumvi na sukari, vifo vikashuka kutoka karibu 30 kwa mia mpaka chini ya 4. Hadithi tamu mno, tatizo nilikuwa naisikiliza kwa awamu, natoka narudi, Bangladesh nimeikosa nusu.

Narudi gesti nikachukue paketi zangu za ORS, hamna hata moja. Mjomba alikuwa anazinywa jioni jioni na biskuti. Ati zina ladha ya chungwa.

Basi akanitengenezea yeye. Chupa ya maji ya lita moja, sukari vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko, kaegemea woka yake anakoroga huku anarekodi voisi kwenye grupu la ukoo, "Mgonjwa leo hajambo, kala wali wa mtindi kidogo, mwombeeni." Shangazi akaanzisha mchango.

Tulipotua Dar kile kiti cha magurudumu alichoombewa mgonjwa kikaletwa mpaka mlango wa ndege, kijana akauliza mgonjwa ni yupi, mzee hata kufikiria hakufikiria, akaninyooshea kidole.