Nyundo Ililia Kama Kayamba, Nikainyamazisha

Naona fundi wayaringi wa pembeni yangu, yule wa nyaya za magari, ameshawahi kuwasimulia habari yake, eti "fundi kapigwa na IST". Tuwekane sawa. IST, ile Toyota ndogo, haikunipiga. Nilijipiga mwenyewe, kwa nyundo niliyoichomelea mwenyewe, baada ya wiki nzima ya kuwafundisha wenzangu jinsi nyundo za aina hiyo zinavyofanya kazi. Paji la uso bado linapwita ninapoandika, na kofia haivaliki.

Mnaoijua nyundo isiyodunda rukeni aya hii, wengine sogeeni. Nyundo ya mpira ukiigonga kwenye chuma inarudi, tena inarudi na hasira. Ya chuma nayo inadunda, na juu ya kudunda inamega: dramu ya breki ni kasti, chuma cha kumiminwa, ukiibamiza ukingoni unabaki na kipande mkononi na mteja mgongoni. Hii ya tatu, isiyodunda, kichwa chake ni kama kopo lenye gololi ndogo za chuma, au marisau, ambazo hazikujaa. Kichwa kinagonga, kinataka kurudi, na wakati huohuo gololi zilizokuwa zimebaki nyuma ndiyo kwanza zinawasili, zinakikandamiza palepale. Nguvu nyingi inaishia kwenye kazi. Kwa hiyo ukienda dukani kuinunua, itikise kwanza. Ikilia chakachaka, ni yenyewe. Ikikaa kimya, rudisha. Maneno hayo nimeyasema mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya mashahidi sita.

Nilikuwa na ya dukani, ya plastiki ngumu, kilo moja na nusu, saizi nzuri kwa dramu na habu, kile kitovu cha gurudumu. (Kwa kazi ya vaisi, yaani jiliwa, kukalisha kipande kabla ya kukitoboa, nusu kilo inatosha, ukizidisha unakihamisha badala ya kukikalisha.) Ilikufa kifo cha kijinga. Dogo wangu aliipigia tindo. Kichwa cha tindo kilikuwa kimechanua kama uyoga, kikachana gamba, na kila pigo likawa linatema gololi tatu, nne. Nimekuta nyundo nyepesi kama mwiko na sakafu inateleza. Nyie wa kuazima vifaa vya watu: nyundo hii si ya tindo, si ya misumari, si ya chuma kilichotoka motoni. Basi.

Nikasema sinunui, natengeneza. Bomba jeusi la inchi 2, nikakata sentimita 12. Jeusi, si lile lililopakwa zinki, maana moshi wa zinki unakulaza na homa usiku huohuo. Ncha zote nikaziba kwa bamba la milimita 6, mpini nikaweka bomba la nusu inchi, na juu nikaacha tundu. Tundu hilo ni la kujazia, lakini pia ni la uhai wako: ukichomelea kitu kilichozibwa pande zote, hewa ya ndani inapata moto, inatanuka, inatafuta pa kutokea, na pa kutokea huwa ni usoni kwako. Gololi nikanunua za baiskeli. Nikajaza nusu na kidogo, nikafunga tundu kwa boliti. Kwenye nyuso mbili za kichwa nikafunga vipande vya tairi kuukuu kwa skrubu zilizozama ndani ya mpira, ili dramu isichubuke. Mizani ya bucha ya jirani ikasema kichwa ni kilo moja na nusu, na mwenye bucha akaniuliza kama hiyo ni sehemu ya paja.

Nikaigonga kwenye zege. Tu! Ikatulia kama imezama kwenye ugali. Haikunyanyuka hata unene wa kucha. Wadau, nilijiona.

Tatizo ni yule dogo wangu. Kaishika, kaitikisa, chaka-chaka-chaka, akaanza kukata mauno. Fundi wayaringi akaja na ndoo, akapiga ngoma. Mama wa chapati akatia kigelegele. Kila nilipoinua nyundo, gereji nzima inaitikia. Siku ya pili wateja wakaanza kuuliza kama kuna shughuli. Siku ya tatu uvumilivu ukaniisha. Jioni, watu wameondoka, nikafungua ile boliti nikamimina gololi hadi mdomoni. Nikashindilia kwa bisibisi. Nikafunga. Nikatikisa: kimya. Kichwa sasa kilo mbili na ushee. Nikalala kwa amani.

Mmeshaelewa, najua. Mimi sikuelewa. Gololi zikijaa hazina pa kwenda, na gololi isiyo na pa kwenda haiwezi kuchelewa. Nilikuwa nimegeuza nyundo isiyodunda kuwa kipande cha chuma kizito, kisha nikakivalisha mpira wa tairi mbele na nyuma.

Asubuhi akaja mzee wa Kigamboni, kaburutwa na gari la kukokota. IST yake imekaa miezi minane karibu na bahari, breki ya mkono imevutwa, chumvi imefanya kazi yake. Tairi la nyuma kushoto limegoma. Nikaweka vigingi tairi za mbele, nikapiga jeki, nikaweka stendi, nikatoa tairi, breki ya mkono nikaiachia. Dramu haitikisiki. Breki shuu zimeshikana nayo na kutu imeizunguka habu pale katikati.

Kwenye uso wa dramu ile kuna matundu mawili yenye nyuzi. Ni ya boliti za milimita 8, zile za spana namba 12. Unafunga mbili, unakaza huku kidogo, kule kidogo, dramu inajisukuma nje yenyewe. Mtoto wa darasa la nne anaweza. Ila mtoto wa darasa la nne hana nyundo mpya ya kuonyesha.

"Mzee, sogea uone," nikasema.

Nikachuchumaa. Goti la kulia chini, la kushoto juu, uso usawa wa dramu, kwa sababu nilitaka kuona kutu inavyopasuka. Fundi wayaringi kashika simu, mwenyewe nilimwambia arekodi. Nikalenga katikati ya stadi mbili, zile boliti za kufungia tairi. Nikavuta mkono hadi nyuma ya sikio. Nikaachia.

Ilipogonga sikusikia "tu". Nilisikia "dwii!", sauti ya mpira wa kona. Mkono wangu ukapata taarifa kabla yangu: mpini ulikuwa unarudi. Nikajaribu kuukaza, na kuukaza ndiko kulikoharibu, maana kiwiko kilikunja na kichwa cha nyundo kikabadili njia kikaja juu. Nilikiona. Wallahi nilikiona kinakuja, taratibu, kama mgeni anayejua nyumba. Nikasoma hadi vichwa vya skrubu. Nikapata na nafasi ya kuwaza jambo moja kamili: "nilishindilia kwa bisibisi". Kisha paji la uso.

Nikakaa. Sikuanguka, video inadanganya, nilikaa. Kwenye ndoo ya oili chafu, ndiyo, lakini nilikaa.

Kimya. Chapati inaungua. Dogo akapita mbele yangu bila neno, akachukua boliti mbili kwenye kopo, spana namba 12, akakaza huku, akakaza kule. Kwa! Dramu ikatoka ikamlalia mapajani kama paka. Dakika mbili hazikufika. "Samahani, fundi," akaniambia, na hiyo samahani iliniuma kuliko nyundo.

Mengine upesi: barafu ya mama wa juisi, breki shuu mpya, mzee kalipa bila kuomba punguzo, video imeshafika kwa shemeji yangu Mbeya. Gololi nimepunguza hadi nusu na kidogo, na nyundo imerudi kulia. Wacheze wanavyotaka.

Lakini ile tairi niliyokata haikuwa kipara. Ilikuwa bado na kashata nzuri za mpira, na kashata zimejichora zote kwenye paji langu, mistari miwili na zigizaga katikati. Mzee, anaondoka, kashusha kioo, kanitazama kwa huruma ya kweli.

"Kijana, hiyo ni saizi 14 au 15? Natafuta moja ya spea."