Taa za Uani kwa Sola: Anayemaliza Betri Siyo Taa

Wanaobeza taa za uani za sola hapa Dodoma wana hesabu mkononi, na hesabu yao haina kosa. Taa nne za wati 10 zikiwaka kwa muda wa saa 12 hutumia wati-saa 480, yaani uniti 14 na ushee kwa mwezi. Kwa bei ya kawaida ya LUKU hiyo ni shilingi elfu tano na kidogo. Kwa akiba hiyo, betri ya lithiamu itachukua miaka mingi kurudisha gharama yake. Mwenye nguzo ya TANESCO mlangoni, anayetafuta unafuu wa bili tu, asidanganyike.

Hoja yao ya pili ndiyo yenye walakini: kwamba taa za sola hazifiki asubuhi. Ni kweli kwenye nyumba nyingi hukata saa 9 usiku, ila mara nyingi mlaji ni inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230. Fundi akikuta nyumba ina sola, huvuta waya wa nje kutoka njia ile ile ya volti 230. Inveta ya nyumbani, hata isipobeba kitu, hunywa wati 10 hadi 20 au zaidi. Chukua 15: kwa saa 12 ni wati-saa 180, kama vile uani kuna taa moja na nusu ya ziada isiyoangaza. Funga sensa za mwendo, taa zishuke hadi wati-saa 200. Inveta bado itadai 180 zake. Ndiyo maana watu hubadilisha taa, wakaona nafuu ndogo, wakailaumu betri. (Kama friji inalala kwenye inveta hiyo hiyo, haya hayakuhusu: gharama hiyo unailipa tayari.)

Taa za DC, yaani zinazotumia umeme wa betri bila kugeuzwa, huchukua moto kwenye tundu za mzigo za kontrola ya chaji (kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri), hivyo hazihitaji inveta. Kontrola nyingi hutambua giza kupitia paneli na kuziwasha zenyewe. Hapo tatizo huhamia kwenye waya. Taa zote nne zikiwa mwisho wa waya wa milimita za mraba 2.5, mita 30 kutoka kwenye betri, mfumo wa volti 12 hupoteza karibu volti moja na nusu, na taa zisizo na kirekebishi cha ndani cha kutuliza umeme hufifia. Kwa volti 24 hupotea chini ya volti moja. Kwenye viwanja vikubwa vya Iyumbu au Nala, anza na 24, na fyuzi ikae karibu na betri.

Betri ya lithiamu ya wati-saa 640 inabeba usiku mmoja. Betri ya risasi na asidi, kama ya gari, inahitaji ukubwa wa karibu mara mbili, kwa kuwa kuishusha chini ya nusu kila usiku ni kuiua mapema. Betri yoyote usiiweke juu ya dari chini ya bati. Paneli ya wati 150 inatosha kiangazi, lakini kwa mawingu ya Januari weka 200, itazame kaskazini, iinamie digrii 10 hivi. Vumbi la Juni hadi Oktoba lifutwe asubuhi, kioo kikiwa baridi.

Kabla ya kununua betri ya pili, zima kila kitu usiku mmoja, uache inveta peke yake imewashwa. Betri ya wati-saa 1,280 ikiamka imepungua asilimia 14 hivi, mlaji umeshamjua.