Watazamaji wengi si lazima hisa zipande

Kuna mwandishi anayesema chaneli ya televisheni ikishika namba moja kwa watazamaji, hisa zake lazima zipande. Hapo sikubaliani naye. Tazameni Newsmax, chaneli ya habari ya Marekani. Machi 31, 2025 iliingia soko la hisa la New York kwa dola 10 kwa hisa, ikafunga siku kwa zaidi ya dola 83. Kesho yake ikapita 200, na siku ya tatu ikaporomoka vibaya mno. Je, watazamaji waliongezeka kiasi hicho kwa siku mbili, kisha wakakimbia? Hapana, walikuwa walewale, tena wachache sana mbele ya wale wa Fox News, mshindani wake mkubwa. Nawahurumia walionunua kileleni.

Fox yenyewe ilipotangaza kuachana na mtangazaji wake Tucker Carlson, Aprili 24, 2023, hisa zilishuka kwa takriban asilimia 3 tu, ingawa kipindi chake kilikuwa nguzo ya usiku. Sehemu kubwa ya mapato yao ni ada ambazo kampuni za televisheni za kebo huwalipa ili zirushe chaneli zao, na mikataba hiyo ni ya miaka kadhaa. Kwa hiyo mwenye hisa aulize kwanza: mkataba unaisha lini? Watazamaji wakipungua mwaka huo, ndipo maumivu huanza.