Ujasiri umemjenga Mickelson au umemponza?

Mcheza gofu Phil Mickelson ana mataji 45 ya PGA Tour, mfululizo mkuu wa mashindano ya gofu Marekani, sita kati yake yakiwa ya mashindano makubwa manne ya mchezo huo, lakini ukimtaja mbele ya wapenzi wa gofu, mjadala utaanzia kwenye kombe ambalo hajawahi kulishika: US Open. Ameshika nafasi ya pili mara sita. Wanaoulaumu ujasiri wake wana ushahidi wao, US Open ya 2006 katika uwanja wa Winged Foot.

Alifika shimo la 18 akiongoza kwa mkwaju mmoja. Akimaliza kwa mikwaju minne, kombe lake. Kwa mitano, angerudiana Jumatatu na Geoff Ogilvy. Siku nzima fimbo yake kubwa ilikuwa imemgomea, na akaichomoa hiyo hiyo. Mpira ukagonga hema la wageni. Badala ya kuurudisha njiani, akataka kuupitisha mitini, ukagonga mti. Wa tatu ukazama mchangani. Akamaliza kwa sita, Ogilvy akabeba kombe, na Mickelson mwenyewe akajiita mjinga mbele ya waandishi.

Ningekubali lawama zote hizo kama si Augusta, uwanja wa mashindano makubwa ya Masters, mwaka 2010. Shimo la 13, mpira umelala juu ya majani makavu ya misonobari, mbele yake miti miwili, halafu kijito. Msaidizi wake alitaka aupige mfupi, ubaki kabla ya kijito. Yeye akaupenyeza katikati ya miti ukatua karibu kabisa na shimo (kisha, kwa kituko, akakosa kuutumbukiza kwa mkwaju uliofuata), na jioni akavaa koti la kijani, vazi la mshindi wa Masters, kwa mara ya tatu.

Kwa hiyo wanaosema angecheza kwa tahadhari angekuwa na US Open wasisahau kuhesabu ambavyo angekosa. Hata hivyo sikubali kwamba matukio haya mawili ni sawa. Augusta mpira ulikaa vizuri na upenyo aliuona. Winged Foot hakuhitaji muujiza, na mkwaju wa pili ndio ulioniudhi kuliko ule wa kwanza.

Kuhusu LIV, ligi ya fedha za Saudi Arabia inayoshindana na PGA Tour, aliyojiunga nayo 2022, mizani yangu inaelemea upande mmoja. Ni kweli zawadi za PGA Tour zilipanda baada ya hapo, na wachezaji waliobaki wamefaidika. Lakini rekodi ya haki za binadamu ya Wasaudi aliijua na aliisema kwa kinywa chake, kisha akazichukua fedha. Mwaka huo hakuonekana Masters, wala hakutetea taji la PGA Championship, jingine kati ya mashindano makubwa, alilolitwaa mwaka 2021 katika uwanja wa Kiawah Island akiwa na miaka 50, mzee kuliko mshindi yeyote wa mashindano makubwa.

Kimchezo hakuishia hapo: Masters ya 2023, akiwa na miaka 52, alipiga 65 siku ya mwisho na kushika nafasi ya pili pamoja na Brooks Koepka. US Open ndiyo iliyokataa. Nafasi ya kuingia bila mchujo aliyoipata kwa ushindi wa Kiawah iliisha 2025 katika uwanja wa Oakmont, na hakufika hata raundi za wikendi.