Tubonyeze wapi jamani?

Hivi nyie mnaotutengenezea hizi apu, mie nna suali moja tu, mtu akishafungua abonyeze wapi? Juzi namkatia mama mkwe tiketi ya boti arudi Wete, apu yenyewe siitaji, naona boksi kubwa la rangi ya machungwa CHAGUA SAFARI, nikabonyeza, kimya, nikabonyeza tena, kimya, kumbe lile pambo tu! Kitufe chenyewe kiko chini kabisa, kineno cha kijivu kimesinyaa "endelea", hakina ukingo hakina mstari, na ubavuni pake wamebandika "futa". Sasa dole gumba la fundi uashi hili likitua linatua kote kote, majina ya abiria yote yakenda na maji, na mama mkwe yuko ukumbini keshavaa baibui, "baba, tayari?" Bado mama, inafikiri.

Na hii fasheni wallahi. Zamani kitufe kilikuwa na kivuli, kimetuna, unakijua hata kusoma hujui. 2013 Apple wakaja na iOS 7, mfumo wa simu zao za iPhone, wakavivua vitufe nguo zote, yakabaki maneno matupu, na wengine wakafuata mkumbo. Na Apple hao hao mwongozo wao unasema pa kubonyeza pasipungue pointi 44 kwa 44 (pointi ndo kipimo chao cha kioo cha simu), Google nao 48 kwa vipimo vyao, sasa nyie mmempimia nani, sisimizi?

Kijana mmoja wa kompyuta pale Jaws Corner ananambia ati, "Ami, ukipitisha mausi juu yake kinabadilika rangi." Mausi! Kwenye simu mausi naipitisha wapi yakhe? Kidole ama kimegusa ama hakijagusa, hakielei.

Urembo hatukatai, milango yetu ya Mji Mkongwe ina maua na misumari ya shaba tele lakini hata mtoto anajua pa kugonga hodi. Kinachobonyezwa kiwe na rangi yake na kisichobonyezwa kisiivae, kiandikeni "lipa tiketi" sio "sawa" tu (sawa nini?), na hiyo "futa" ihamisheni mbali huko, tena iulize kwanza.

Kijana ati nikaandike maoni mule mule ndani ya apu. Nkaona kiputo kizuuri cha maongezi, nikakibonyeza.

Pambo.